Mkono Uliorudi Kwenye Usukani

Wamama wenzangu, wa kanisani na wa msikitini, nawasalimu wote kwa mpigo mmoja, maana nikianza kumsalimu mmoja mmoja nitapata upenyo wa kukimbia. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Jambo lenyewe nimekaa nalo zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo nikipitisha kidogo mnivumilie.

Mnanijua. Mimi ni binti wa marehemu afande wa laini ya tatu ya nyumba, hapa hapa kambini Nsambya, yule mwenye mdomo. Mabinti zenu wanane ninawafundisha baiskeli za mashindano, na leo mmeitwa mtie sahihi waende kwenye mbio zao za kwanza. Kabla hamjashika kalamu, nina la kusema. Mkishalisikia, mtaamua wenyewe kama mtaniachia watoto wenu.

Mnayakumbuka yale mashindano ya wanawake, ya siku tano, kila siku mji mpaka mji, hadi Kampala. Mlinipigia vigelegele barabarani. Timu yetu ilikuwa na wasichana sita, na kiongozi wetu alikuwa mwenzangu mmoja ambaye simtaji jina. Alikulia mlango wa tatu kutoka kwetu. Kupanda baiskeli nilimfundisha mimi, nikimshika kiti na kukimbia nyuma yake. Lakini kocha aliamua yeye ndiye wa kushinda, sisi wengine tumtumikie.

Msishangae, ndiyo desturi ya mchezo huu. Unapanda mbele kumkatia upepo, naye anatulia nyuma ya gurudumu lako, karibu kiasi cha kiganja. Akiwa na kiu unarudi kwenye gari la timu, unajaza chupa za maji ndani ya fulana mpaka mgongo unavimba kama wa punda, halafu unamkimbilia. Akishinda yeye, mmeshinda wote. Hivyo ndivyo wanavyosema.

Sasa, nawaambia jambo moja ambalo lazima mlielewe. Anayekaa nyuma haoni barabara. Anaona gurudumu lako na makalio yako, basi. Chekeni, lakini ndivyo. Wa mbele ndiye macho yake. Ukiona shimo, unatoa mkono kwenye usukani, unaushusha upande wa shimo na kuonyesha kwa kidole, na wa nyuma anamwonyesha wa nyuma yake. Hata adui unamwonyesha. Mtu wa timu nyingine, hata lugha hamwelewani, unamwonyesha. Asiyeonyesha hapandi na watu.

Siku mbili za kwanza nilimvuta huyu mwenzangu mpaka nikatema damu ya ufizi. Jioni ya siku ya pili, tukiwa mezani tunakula, akaniambia mbele ya wote: "Kesho vuta vizuri bwana, leo umenivuta kama mama mjamzito." Meza nzima ikacheka. Ilikuwa utani tu, tumetaniana tangu tukiwa na kamasi. Lakini mimi, ndugu zangu, sikucheka. Nilimeza ule utani pamoja na wali, na asubuhi ulikuwa bado umenikaa kooni.

Siku ya tatu tulichomoka watu wanne mbele ya kundi, tukielekea Mityana. Mimi mbele, yeye nyuma yangu, wageni wawili nyuma yake. Mteremko, kasi, lami inang'aa. Nikaliona shimo. Wamama, nililiona vizuri. Niliona hata maji machafu ndani yake. Mkono wangu wa kulia ukatoka kwenye usukani. Nikasikia moyoni mwangu sauti inasema: leo ajionee mwenyewe. Mkono ukarudi. Nikapinda kidogo, nikalikwepa.

Sitawaeleza ule mlio. Mwisho wake niliusikia tayari niko mbali, na sikugeuka.

Nilimaliza siku ile nikiwa wa tatu. Nikapewa maua. Kocha akaja macho mekundu, akasema mwenzenu amevunjika nyonga na mfupa wa bega, amerudishwa Kampala, na kuanzia kesho kiongozi ni wewe. Yaani mimi! Siku mbili zilizobaki nilikatiwa upepo, nikaletewa maji, na wale wasichana mbele yangu walinionyesha kila shimo. Kila mkono ulioshuka mbele yangu ulikuwa kama kofi. Kisha tukaingia mjini, nanyi mkapiga vigelegele.

Nilikwenda kumwona hospitalini siku hiyo hiyo. Mama yake alikuwa anampangusa uso. Watu wamejaa, wanasema huyu naye alikuwa mbele, aliangalia wapi? Mgonjwa akafungua macho, akanitazama mimi, akawaambia: "Msimlaumu. Hakuliona. Angeliona angenionyesha." Wote wakanigeukia. Nikasema: "Kweli, sikuliona."

Hiyo ilikuwa dhambi ya pili, na naiona kubwa kuliko ya kwanza.

Sikwenda tena kumwona. Baada ya majuma machache nikatoka asubuhi peke yangu, njia ya Port Bell. Nateremka kuelekea Luzira nikasikia nyuma yangu tiki-tiki-tiki, ule mlio wa gurudumu linaloserereka mtu akiwa ameacha kukanyaga. Karibu sana, kiasi cha kiganja. Mbele kulikuwa na shimo. Nikaonyesha. Nikageuka. Hakuna mtu, barabara tupu mpaka juu. Nikakanyaga, ukanyamaza. Nikaacha kukanyaga, ukarudi. Mtasema ni gurudumu langu mwenyewe. Nami nilisema hivyo. Nikashuka, nikaibeba baiskeli begani, nikatembea mpaka nyumbani, na bado nikausikia.

Bannange, jamani! Niliifunga baiskeli kwa kamba juu darini nikapata kazi ya ulinzi kwenye geti la shule. Nikausikia getini. Nikausikia nikisugua sufuria. Nikipanda boda, mkono wangu unashuka wenyewe kuonyesha mashimo, dereva anauliza, "Nyabo, mama, unaonyesha nini?" Nikagombana na kila mtu. Mama yangu mzazi akaogopa kunisemesha. Usingizi ukanikimbia, nikakonda, mkasema nina ugonjwa. Nilijua mnasema. Kuna mzee mmoja tuliyelinda naye geti, Hajati, mjane wa mwanajeshi. Siku moja alinitazama mkono unavyocheza akaniambia, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Lako ni lipi?" Nikamwambia hayamhusu. Nilimjibu vibaya, naye hakuacha kunimiminia chai.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwaka huu simu ikalia, sauti ya mwenzangu. Hakuna salamu, hakuna nini.

"Wewe. Nimepata wasichana wanane wa kambini wanataka kupanda. Mimi nina mkongojo. Uje uwafundishe ishara za mkono."

"Wapo walimu wengine."

"Mimi ulinifundisha wewe. Uje."

Nikaja, ningesema nini? Mwezi mzima niliwafundisha watoto wenu, namsalimia yeye kwa mbali, nimefunga mdomo. Kisha asubuhi moja tukashika njia ile ile ya Port Bell, mimi mbele, wao nyuma. Nikaona shimo, nikashusha mkono. Nikachungulia chini ya kwapa, nikaona mikono minane inashuka mmoja baada ya mwingine. Yule binti yenu mdogo kuliko wote hakuwa hata ameliona, alishusha tu mkono kwa sababu mwalimu ameshusha. Nikawasimamisha pembeni, nikatapika kwenye nyasi. Nikawarudisha kambini polepole, kisha nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa mwenzangu.

Alikuwa kwenye kigoda anamenya matoke, mkongojo umeegemea ukuta. Nikasimama. Nikasema, "Nililiona lile shimo." Basi, maneno matatu.

Hakuacha kumenya. Akasema, "Niliuona mkono wako. Ulitoka kwenye usukani, ukarudi. Nikajua kuna kitu, lakini nilikuwa nimechelewa."

"Sasa mbona uliwaambia watu sikuliona?"

"Nilikupa nafasi ya kunikatalia. Ukasema kweli, hukuliona. Nikasema haya, nitangoja." Hapo akaweka kisu chini. "Umenichosha kungoja."

Nilipiga magoti kwenye maganda, nikamwomba anisamehe. Akaniambia, "Leo hapana. Nyonga hii inaniamsha kila asubuhi, na kila asubuhi ninakutukana. Labda siku moja. Lakini watoto wanakungoja kesho, uende. Na siku wazazi wao watakapokutana, waambie wewe mwenyewe. Wasije wakalisikia kwangu."

Ndiyo sababu nimesimama hapa. Yeye hakuja leo. Amesema akija mtamtazama yeye mumwonee huruma, badala ya kunisikiliza mimi.

Usiku wa siku ile niliyokiri kwake, nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Sasa ninakula, ninacheka, mama yangu amerudia kunigombeza, na hiyo ni dalili ya afya. Lakini sikuja kuwadanganya kwamba yameisha. Ile tiki-tiki bado inanijia nikiteremka, si kila siku. Ikija sigeuki tena. Naonyesha mkono, naendelea.

Namshukuru mama yangu, aliyeniwekea chakula kila siku nami sili. Namshukuru Hajati kwa chai yake. Na yule wa mkongojo, nitamshukuru vipi? Alinibeba kwa ulimi wake nami nilikuwa nimemwangusha. Somo langu ni dogo, wamama. Ukiudhiwa, sema hapo hapo mezani. Tukana kama lazima. Usilale na utani wa mtu kooni ukaamka nao barabarani, maana kuna siku mtu ataegemeza maisha yake kwenye mkono wako, na mkono hautakuuliza kabla ya kufanya.

Basi, mmesikia. Karatasi ziko kwa mwenyekiti. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa geti la kambi na baiskeli yangu. Mtoto atakayekuja nitampeleka na kumrudisha. Asipokuja hata mmoja, nitajua mmenisikia vizuri, na sitamlaumu mtu.