Msindikizaji Bado Anapita

Kijiwe chetu kinatazamana na ukuta wa zahanati: benchi refu lililovunjika mguu, tukaliegemeza kwa matofali. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, geti la zahanati hulioni mpaka ukazie macho. Tulikuwa wanne: mimi fundi viatu, Redio asiyezimika mdomo, Kamba muuza kamba, na Bibi Kahawa na birika lake. Utani haukuwepo. Wiki iliyopita tulimzika Msindikizaji, yule mama wa shali ya kijivu aliyewapeleka watu kuchukua vidonge vya kinga, vile anavyomeza mtu asiye na virusi vya Ukimwi ili asivipate. Mwenye woga alimshika mkono, mwenye aibu alimsemea kwa nesi. Tulimfukia wenyewe. Na bado watu wanamwona.

— Jana nimemwona, Redio akaanza. Pale konani, mtu anamfuata nyuma.

— Shali za kijivu ziko nyingi, nikasema.

— Na ule mguu wa kuburuta, nao wako wengi?

Kamba akainua kidole.

— Asiyekuwepo na lake halipo. Sasa lake lipo. Basi yupo!

— Methali haisemi hivyo, nikasema.

— Mimi ndiyo nasema.

— Nesi mwenyewe kaniambia, Redio akaendelea, sauti chini. Watu wanazidi kuja. Ukiwauliza nani kakuleta, wanajibu, "Yule mama, kaniacha getini."

— Atakuwa pacha wake, nikasema.

— Alizaliwa peke yake, akasema Bibi Kahawa. Nilikuwepo.

— Basi ni jini, Kamba akasema. Limejivika shali yake. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Jini gani linawapeleka watu kupima? nikauliza.

— Si ndiyo hapo! Kupima maana yake damu. Damu maana yake...

— Koma, Kamba! Bibi Kahawa akaweka birika chini kwa kishindo. Alipokuwa hai ulisema hayohayo, eti anauza damu za watu. Unajua wangapi waligeuzia njiani kwa sababu ya mdomo wako?

Kamba akainamia kikombe chake.

Hapo ndipo akatokea ndani ya ukungu mwanamke kijana, mtandio kauvuta mpaka machoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, yule mama anayesindikiza watu kaniambia nimsubiri hapa.

Nikaweka kikombe chini.

— Kakwambia lini? nikauliza.

— Sasa hivi tu. Nilifika getini nikataka kurudi nyumbani. Mume wangu ana virusi, anatumia dawa zake vizuri. Mimi nimepima, sina. Tunataka mtoto, tukashauriwa nianze vidonge vya kinga. Lakini pale mapokezi kakaa jirani yangu, na mdomo wake mnaujua ninyi? Mama akanishika bega. Akasema kuna mlango wa nyuma, nesi wa huko hana maneno.

— Mkono wake ulikuwaje? Redio akanong'ona.

— Wa baridi. Si ukungu huu?

Hakuna aliyemwambia kwamba mama huyo tulishamzika. Alitutazama mmoja mmoja, macho yakaanza kumlengalenga.

— Sasa mbona haji? Nani atanipeleka?

Mimi nilitazama viatu vya watu. Bibi Kahawa akatikisa birika: tupu. Akamwagia makaa maji, akajifunga khanga yake vizuri.

— Twende, mwanangu. Mlango huo naujua.

— Umeujulia wapi? Kamba akauliza.

Bibi Kahawa alimshika yule binti mkono, wakavuka barabara taratibu.

Mbwa wa mlinzi alikuwa amelala katikati ya geti. Kabla hawajamkaribia, aliinuka, akasogea pembeni kama anayempisha mtu, akatikisa mkia huku akitazama juu, mahali pasipo na mtu, hatua chache mbele yao.

Kamba akavua kofia.