Sahani Zilizorudi Safi

Ijumaa tarehe 28 Februari, Bodil Skovmand alivua aproni na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika jiko la Mkahawa wa Halkjær, huku nusu chini ya ardhi nyuma ya kituo cha reli cha Kopenhageni. Nimeombwa niandike kitu cha kuchangamsha kwa ajili ya hafla yake. Nimejaribu, na nimeshindwa.

Alianza kwa kuosha vyombo, na haukupita mwaka akawa anapanga mkate mweusi: siagi hadi ukingoni, samaki wa siki juu yake, kitunguu juu ya samaki. Hakutaka kuitwa Bi Skovmand, na hakutaka mtu aanze na nyama kabla ya samaki. Kuna mtalii mmoja, pande la mtu, aliyethubutu. Bodil alitoka jikoni, akamsogezea nyama pembeni, akamwekea samaki mbele, akasimama hapo hapo mpaka bwana yule akamaliza. Kesho yake alirudi na mkewe.

Wasafiri wenye mabegi mgongoni waliteremka ngazi zetu kwa sababu ya bei, wakarudi kwa sababu ya Bodil. Mwenye mkahawa, Preben Halkjær, aliwahi kupendekeza tununue samaki wa chupa ili kupunguza kazi. Bodil alimjibu kwamba mtu mwenye pesa kidogo naye ana ulimi. Habari ya chupa ikaishia hapo.

Hakuwahi kumuuliza mgeni kama chakula kilikuwa kizuri. Sisi watu wa hapa tukiinuka mezani husema asante kwa chakula, hata kama kimeungua, kwa hiyo Bodil aliona maneno hayo hayana faida kwa mpishi. Yeye alitazama sahani zinazorudi. Kilichobaki ndicho alichokiamini.

Majira ya baridi ya mwaka juzi alishikwa na mafua makali, na alipopona, pua yake haikupona. Hakunusa tena siki wala samaki, na ladha ikaondoka nayo. Hakumwambia mtu. Mumewe Egon alikuwa ameshazikwa, nyumba yao mtaani Valby ilikuwa kimya, na jiko hili ndilo alilobaki nalo. Alidhani mikono itakumbuka yenyewe.

Haikukumbuka. Sahani za watalii zikaanza kurudi zimejaa, naye akasema watalii wa siku hizi ndimi zao zimeharibiwa na chipsi. Sahani za wateja wetu wa miaka yote zilirudi safi kabisa, hasa ya Aksel Bruhn, dereva mstaafu wa treni anayekaa meza ya dirishani kila Ijumaa. Bodil aliziamini hizo, na sisi tuliozibeba tukaziamini pia.

Januari iliyopita koti la Aksel lilianguka kutoka kwenye ndoano. Bodil alikuwa anapita, akaliokota, na mfukoni ikateleza leso ya karatasi iliyolowa. Aliifungua mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na samaki wake.

"Tangu lini, Aksel?"

"Kabla ya kiangazi. Karafuu zinazidi, Bodil. Siku nyingine ni siki tupu."

"Na ukanyamaza?"

"Tulikubaliana wote wa meza hii. Tuliogopa ukijua utaacha kazi. Sasa ukiacha, utakwenda wapi wewe?"

Nilitegemea sufuria iruke. Bodil aliikunja ile leso vizuri, akaingia nayo jikoni. Jioni hiyo alimwambia Preben kwamba mwisho wa Februari anaondoka. Preben alimbembeleza sana, bure.

Siku ya mwisho aliomba jambo moja tu: awatengenezee wateja wake wa miaka yote samaki yeye mwenyewe, na asiyependa aache. Wakaacha. Ilikuwa aibu kutazama, watu wazima wameinamisha vichwa mbele ya sahani zilizojaa. Bodil alizikusanya kwa mkono wake. Alipofika dirishani, Aksel alikuwa ameng'ata mara moja na kuweka uma chini. Bodil aliitazama sahani ile kwa muda mrefu.

"Asante," akamwambia.

Bodil, kwa miaka yote uliyotulisha sisi na wapita njia wa dunia nzima, tunakushukuru, na inatuuma. Tunakutakia maisha mema huko Valby, lakini usikae huko Ijumaa. Aksel amekuvutia kiti mezani kwake. Tunajua hutasikia ladha ya chochote. Utamuuliza yeye samaki wakoje, naye safari hii atakwambia kweli.

Kaj Lindegaard, mhudumu