Mzee Aligeukia Ukuta

Kijiwe chetu kiko Buyenzi, kwenye kona ambapo njia ya magereji inakutana na ile ya kwenda sokoni. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha teksi moja ambayo mwenyewe aliichoka akaitelekeza, nasi tukakirithi kiti. Tangu mafuta yaanze kuadimika mjini, mafundi wanakaa zaidi ya wanavyofanya kazi, na kijiwe kimepata nguvu ambayo hakikuwa nayo magari yalipokuwa yanatembea. Kahawa inapikwa na Uthmani, tunayemwita Breki, kwa sababu ukianza kusema upuuzi anasimamisha birika hewani, na kikombe chako kinabaki nusu mpaka ujirekebishe. Mimi nauza vipuri mlango wa pili, vioo na taa za Corolla zilizokufa, na kwa kuwa wateja siwaoni, maoni ninayo juu ya kila kitu.

Wiki hiyo habari ilikuwa moja tu, Chabani. Huyu ni fundi wetu wa kupiga magari rangi, mtu mpole, na baba yake alikuwa amefariki. Ijumaa ilikuwa hitima ya arobaini. Kwa desturi ya mtaa wetu, mtoto wa kiume wa kwanza anakaa mlangoni kupokea watu, na dua ikiisha anasimama mbele yao kuwaomba wamsamehe marehemu kwa lolote alilowakosea. Chabani ndiye wa kwanza, naye alikuwa ametuma salamu kwa shehe kwamba hatakuja.

Nyumba ya marehemu iko ng'ambo ya njia, tunaiona tukiwa tumekaa. Mama yake Chabani yumo ndani, anakaa eda, hatoki. Tangu mazishi tulikuwa tunamwona Chabani akifika pale kila siku, anaishia uani, anampa dada yake mfuko wa mchele au sabuni, halafu anageuka. Chumbani kwa mama haingii. Tulidhani ni huzuni, na mtu mwenye huzuni unamwacha, lakini hili la hitima halikuachika.

Alipokuja kukaa asubuhi ile, Uthmani alimpa kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, ndiyo namna yake ya kumwambia mtu aseme. Naye akasema. Siku moja kabla mzee hajafa, baada ya alasiri, alikwenda kumwona. Alimletea machungwa. Mzee alikuwa amelala kitandani, akafungua macho, akamwangalia mwanawe, kisha akageukia ukuta. Hakusema neno. Chabani akakaa kwenye kiti akingoja ageuke tena, hakugeuka. Alfajiri wakampigia simu.

— Mi nilihamia Ngagara, na yeye hakupenda, akasema Chabani. Alitaka nibaki hapa nyumbani, mu parcelle yake. Hakunigombeza hata siku moja. Donc, basi ile ndiyo jibu yake. Alininyima radhi. Sasa Ijumaa nitaombaje watu wamusamehe, na yeye hakunisamehe?

Nilitazama chini. Kwetu mtu akikosa radhi ya mzazi, hata akifanikiwa watu wanasema subiri tu, na mwenyewe anasubiri pia.

Uthmani alikuwa wa kwanza kujaribu, na alijaribu kwa adabu. Aliuliza ukuta ule uko upande gani, maana mgonjwa akikaribia safari anageuzwa kuelekea kibla, na labda mzee alijigeuza mwenyewe. Lingekuwa jambo la heri kubwa. Chabani akatikisa kichwa. Kibla kiko huku, upande wa Ngagara, akasema, na ukuta ule uko upande wa ziwa. Alikwisha kulipima hilo, alisimama uani akapima kwa mkono. Uthmani akarudisha birika kwenye makaa.

Hapo Darius akadakia. Darius ni wa Uvira, anafanya biashara ya vitenge na ndagala kuvuka mpaka, na tunamwita Pasta kwa kuwa hawezi kuuza hata kilo ya visamaki hivyo bila kuiombea. Yeye alisema kwao jambo hili linajulikana. Mtu anayekufa hawezi kuondoka huku mtoto anamwangalia, macho ya mtoto yanamshika roho, inabidi ageuke ili apate kutoka. Kwa hiyo mzee aligeuka kwa sababu ya mapenzi. Lilikuwa wazo zuri, na kama Darius angenyamaza pale, huenda tungemaliza kahawa kwa amani. Lakini Darius hajui kuishia kwenye zuri. Akaendelea kwamba ukutani kulikuwa na malaika, kwamba mzee alikuwa anaongea nao, kwamba ukuta wa mtu anayekufa unafunguka, na shangazi yake Uvira aliwahi kuona mwanga ukitoka kwenye plasta.

— Mwanga gani, na kwenu Uvira umeme hakuna, akasema Massoudi.

— Ndiyo maana alishangaa, akajibu Darius.

Birika lilisimama hewani juu ya kikombe cha Darius.

Massoudi tunamwita Antena. Anatengeneza simu, na anasema anapokea habari kabla hazijatumwa. Alikuwa amekaa kimya akichokonoa betri, na sisi tunajua kimya cha Massoudi si cha kheri. Alianza na ziwa. Babu yake Chabani alitoka Ujiji kwa mtumbwi, sivyo? Basi mzee alikuwa anaangalia kwao. Mtu akimaliza anaangalia alikotoka. Halafu akakumbusha maji yalivyopanda miaka hii, yalivyoingia mpaka kwenye nyumba za watu kule Kajaga, akasema wazee wanasikia maji kabla hayajafika, na huenda mzee alikuwa anasikiliza. Halafu akaegemea mbele, akashusha sauti, nasi sote, Mungu atusamehe, tukaegemea mbele vilevile.

— Ile nyumba ni ya matofali ya udongo, ya zamani, akasema. Wazee wa wakati ule walikuwa wanaficha vitu mu ukuta. Mutu anakufa, hawezi kusema, anafanya nini? Anaonyesha. Mzee hakukugeukia mugongo, Chabani. Alikuonyesha. Kuko kitu mule ndani.

Kicheko kilinijia, nikaangalia uso wa Chabani, kikarudi. Alikuwa anamsikiliza Massoudi kwa namna ambayo hajawahi kumsikiliza mtu pale kijiweni. Mtu ambaye hajalala vizuri tangu msibani anaweza kusadiki lolote analopewa, mradi lisiwe lile alilonalo.

Uthmani aliliona hilo pia. Akaweka birika chini kabisa, jambo asilolifanya ovyo.

— Chabani, mi nitakuambia, na usinichukie, akasema. Mzee alikuwa mugonjwa. Mutu mugonjwa anageuka. Akichoka ubavu huu anaenda ubavu huu. Haina maana yoyote. Siye ndio tunaiwekea.

Mimi nilidhani neno hilo lingempa nafuu, maana mimi lingenipa. Lakini Chabani alilipokea vibaya kuliko yote. Alimgeukia Uthmani ghafla, kahawa ikamwagika kwenye suruali yake ya kazi, yenye rangi za magari ya nusu ya mji.

— Haina maana, akasema. Ile ndiyo mara ya mwisho baba yangu kuniangalia. We unataka iwe haina maana. Mi afadhali aninyime radhi, najua alikuwa ananiwaza. Lakini kunigeukia ukuta kama hanijui, kama hanioni, apana. Hiyo siwezi.

Uthmani akampa kitambaa cha kufutia kahawa. Nami nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba Chabani alikuwa ameling'ang'ania lile jambo lililokuwa linamuua, kwa sababu akiliachia angebaki hana kitu mkononi. Nilimwonea huruma nyingi, na kidogo nilimkasirikia, kama unavyomkasirikia ndugu.

Akasimama. Akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na nyundo na tindo.

— Massoudi, twende, akasema. Tunafungua ule ukuta leo.

Massoudi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuombwa kuthibitisha alichosema, alijishughulisha na betri yake. Alisema yeye hakumaanisha leo. Alisema pengine kitu kilichofichwa ni kidogo, hakionekani kwa macho. Darius akajitolea kuombea ukuta kwanza.

— Mama yako yuko mu eda mule ndani, akasema Uthmani. Utamubomolea ukuta juu ya kichwa? Na utamuambia unatafuta nini?

Chabani alisimama na nyundo yake katikati ya njia. Hakwenda, hakurudi.

Sasa lazima niseme kwamba muda wote huo tulikuwa na mgeni. Ni mama mmoja wa Musaga, jina lake Annick, radieta ya gari lake ilikuwa inavuja na jirani yangu alikuwa anaiziba. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi na pochi yake magotini, Uthmani amempa kahawa ya tangawizi. Mwanzoni tulipunguza sauti kwa heshima, baadaye tukamsahau. Alikuwa amesikia yote.

— Munisamehe, akasema. Mi sijui mambo yenu. Nilikuwa nauliza tu. Zile siku zingine, akiwa muzima, mzee alikuwa analalaga akiangalia wapi?

Darius alimtazama Massoudi. Massoudi alimtazama Uthmani, kwa kuwa Uthmani alikuwa rafiki wa marehemu, waliswali safu moja miaka na miaka. Lakini Uthmani akaangalia makaa. Unamjua mtu, unajua anavyocheka, anavyokunywa kahawa, anavyodai haki yake, hujui analalaje. Sote tukamgeukia Chabani, maana swali lilikuwa lake.

— Sijui, akasema Chabani.

Annick akasema basi, si kitu, aliuliza tu. Alidhani amekosea, akaanza kuiangalia gereji kama radieta iko tayari.

— Apana, mama, ngoja, akasema Chabani. Sijui vraiment, kabisa. Tulipokuwa watoto hatukuwa tunaingia mule chumbani. Asubuhi unamukuta ameisha vaa, ameisha kunywa chai. Na alipougua mi nilikuwa nakuja saa ya kazi, nakaa kwa kiti, naangalia saa, natoka. Sijui alikuwa analalaga aje. Sijui kama alikuwa anakoroma. Sijui kama ile ndiyo ubavu wake wa kila siku, na hakuna kilichobadilika.

Alikaa chini, si kwenye benchi, pale pale kwenye ukingo wa njia, nyundo kati ya miguu.

— Tangu azikwe nalilia radhi yangu, akasema. Yeye mwenyewe sijamulilia.

Akalia. Hatukuwa tumemwona akilia, si makaburini, si nyumbani. Msibani alikuwa anapanga viti, anahesabu sufuria, na watu walimsifu kwa ukakamavu. Wapita njia walipunguza mwendo, Darius akasimama mbele yake wasimwone. Hakusali kwa sauti, na hilo kwa Darius ni jambo kubwa. Annick alikuwa anafuta macho yake kwa mgongo wa mkono. Mimi sijui alikuwa anamlilia nani, na sikumwuliza.

Ilichukua muda. Hatimaye Chabani alijifuta kwa mkono wa shati, akabaki na doa la rangi ya bluu shavuni, wala hakuna aliyemwambia.

— Mama ndiye anajua, akasema.

— Ndiyo anajua, akasema Uthmani. Wamelala chumba kimoja maisha mazima.

— Na akiniambia alikuwa analala akiangalia huku kwa mulango?

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko la Annick. Maana kama mzee alikuwa na desturi ya kulala akiangalia mlango, basi siku ile aligeuka kweli, na tungerudi tulikoanzia. Massoudi alivuta pumzi, nikamkanyaga mguu.

— Hapo utajua kitu kimoja cha baba yako ambacho leo hukijui, akasema Uthmani. Mi zaidi ya hiyo sina.

Chabani akasimama. Kisha akanipa mimi nyundo na tindo, kwa kuwa nilikuwa karibu, akavuka njia. Alifika uani, mahali anapoishia siku zote. Dada yake alikuwa anachambua mchele, akainua mkono kupokea mfuko, lakini leo hakukuwa na mfuko. Chabani alimpita. Chumba cha mama yake kina dirisha dogo linaloangalia njia, na pazia lilikuwa limeshushwa kama inavyopasa, kwa hiyo hatukuona kitu. Tulisikia akibisha hodi, na sauti ya mama ikiuliza ni nani.

— Ni miye, mama, akasema Chabani. Nimekuja unihadisie habari za baba.