Mwalimu Eugène Asukulu, Mwenye Mercedes ya Woga

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Baraka kumsindikiza Mwalimu Eugène Asukulu, maneno haya yanasomwa na mdogo wake, Patrice. Mjane, Mama Suzanne, ametuomba tusimpambe marehemu kwa sifa. Basi tuanze na lile ambalo kila mtu analijua: Mwalimu alikuwa mwoga. Naye Mama Suzanne amekuja kaburini na hofu yake mwenyewe, kwamba mumewe ameondoka akiwa amedanganywa, na aliyemdanganya ni yeye. Tutafika huko.

Marehemu alizaliwa Kilembwe tarehe 12 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Bertin, mkulima, na mama Pulchérie. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari Fizi, akamaliza mwaka 1982. Mama yake alisimulia kwamba tangu utotoni hakutia mguu mtoni kabla ya kuona mwingine amevuka. Wenzake walimcheka, naye akawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leo kilio kimefika hata kwa mwoga.

Mwaka 1983 alianza kufundisha hesabu hapa Baraka. Waliopita mikononi mwake wanakumbuka kwamba risasi zikilia milimani, Mwalimu alitetemeka waziwazi mbele ya darasa, huku akiwalaza watoto chini mmoja mmoja. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho kulala.

Tarehe 20 Juni 1987 alifunga ndoa na Suzanne. Mtoto wao wa kwanza, Divine, alishikwa na malaria kali mwaka 1994. Walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali ya Nundu, na hakufika. Tangu siku ile hofu ilihamia nyumbani kwao. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa mpaka Tanzania, ambako Gentille na wadogo zake walizaliwa. Waliporudi mwaka 2006, baba yao alikuwa na neno moja tu: mtu wa nyumba yake hatapelekwa tena hospitali kwa baiskeli.

Mwaka 2010 alikwenda Bujumbura akarudi na Mercedes ya dizeli, nyeupe, kuukuu, viti vyake vya ngozi vimepasuka. Watu walishangaa. Gari la mawaziri kwenye barabara yetu ya mashimo? Kwa nini asitafute jeep? Alijibu kwa sauti ya chini: "Jeep, benye bunduki banaipenda. Hii iko na tumbo chini, nani ataitaka?"

Waliitaka. Mwaka 2012, kwenye kizuizi cha barabarani, vijana wenye silaha walimteremsha pamoja na mkewe, wakaondoka na gari. Mwalimu alikaa kando ya njia, meno yakigongana, akasali. Sala haijaisha, vijana wakarudi kwa miguu, matope hadi magotini. "Mwalimu, kuja ukamate gari yako," mkubwa wao alisema. "Imelala ndani ya shimo." Wakamsaidia hata kulisukuma, naye akawashukuru kama watu waliomletea zawadi.

Gari hilo aliliita Mama Mukwe, kwa sababu mlango wake haukubamizwa na hakuna aliyelipandishia sauti. Vipuri vilikuja kwa basi kutoka Bujumbura, na visipokuja, fundi alichonga kutoka magari yaliyokufa. Ugonjwa wake haukupona: likipanda kilima, injini ilichemka. Mwalimu aliogopa kuitazama sindano ya joto, ule mshale wa mbele ya usukani, kazi hiyo akamwachia mkewe. Kila safari ilikuwa vilevile.

"Mama Divine, sindano iko wapi?"

"Iko katikati, baba."

Au alijibu kwamba imepanda, na hapo Mwalimu alisimama, akafungua kifuniko cha injini, akangoja ipoe. Mama Suzanne hakumdanganya hata mara moja. Wajawazito wengi wa mtaa wetu walifika Nundu hivyo, kwa kusimamasimama, na watoto wao wamo katika umati huu. Presha yake mwenyewe Mwalimu alikataa kuipima. Aliogopa kuambiwa imepanda.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Machi 2024, presha ilimwangusha uani, upande mmoja ukapooza. Gentille alishika usukani kuelekea Nundu, mama yake akakaa mbele, Patrice akampakata kaka yake nyuma. Karibu na Lusenda, sindano iliingia kwenye nyekundu. Wakisimama, mgonjwa angewafia hapo. Wakiendelea, injini ingeweza kufa, naye angeishia njiani kama Divine. Kisha sauti dhaifu ikatoka nyuma: "Mama Divine, sindano iko wapi?"

Mama Suzanne aliitazama ile nyekundu. Akasema, "Iko katikati, baba."

Gentille aliendelea. Walifika. Injini ilizimika mbele ya lango la hospitali na haijawaka tena. Mwalimu aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, kitandani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Suzanne, watoto Gentille, Vainqueur na Merveille, wajukuu, mdogo wake Patrice, wanafunzi wasiohesabika, na Mercedes moja iliyolala Nundu.

Mama Suzanne ndiye aliyeomba uongo wake uandikwe hapa, asije akaufukia pamoja na mumewe. Tumeuandika. Lakini Patrice anaongeza jambo ambalo shemeji yake hajalisikia mpaka saa hii. Baada ya jibu lile, kaka yake alimvuta shati akamnong'oneza: "Mi nasikia arufu ya maji inachemuka. Usimuambie Mama Divine. Leo mi sina woga."

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Sindano iko katikati.