Mstari wa Kumi na Moja wa Bi Saluha

Wasikilizaji wapendwa, leo sifungui kipindi kwa muziki. Huyu tunayemkumbuka hakupenda muziki kabla ya habari. Alikuwa akisema mtangazaji anayeanza na muziki mrefu ana jambo analificha. Basi nimeuacha. Mimi ni Hmida, mnanijua, na leo kweli nina jambo nililolificha. Nimekuja kulitoa.

Tunamkumbuka Bi Saluha Zammuri. Amefariki Jumanne iliyopita, hapa hapa Medenine, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Bi Saluha Zammuri, muuza chai wa kituo cha teksi, amefariki Jumanne. Amezikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri. Madereva waliofika makaburini walikuwa watatu. Niliwahesabu, kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku, na nilitaka kujua nani hakuja.

Wengi mnamjua kwa karatasi yake. Ile iliyobandikwa kando ya dirisha la tiketi, kwa mwandiko wa mkono, kwa lugha nne, na kichwa chake "Maelezo kwa Mgeni". Imekaa pale miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyemtuma kuiandika. Na hapo ndipo shuku zetu zilipoanzia, maana katika mji huu mtu akifanya jambo bila kutumwa, sote tunauliza nani kamtuma.

Lugha alizipata wapi? Alitandika vitanda hotelini kule kisiwani Djerba kwa miaka kumi na mmoja. Kifaransa alikichukua kwa meneja, Kijerumani kwa wageni, Kiingereza kwenye televisheni za vyumbani huku akipiga deki. Alipoacha hoteli akaja kituoni na meza yake, birika na lozi za kutia kwenye chai. Akaona wageni wanavyohangaika. Mzungu anashuka na begi mgongoni, na kila anayemsogelea anamwambia la kwake.

Akaandika mistari kumi. Gari lenye utepe mwekundu huenda mbali, la utepe wa buluu huishia humu mkoani. Tiketi inanunuliwa dirishani, si kwa mtu anayekuvuta begi. Dinari za nchi hii usitoke nazo, mpakani zitachukuliwa. Saa za pantoni ya Jorf, ya kuvukia Djerba, ni hizi. Usipige picha askari, wala kituo chao, wala paka aliyelala mlangoni kwao. Mwezi wa Ramadhani gari la mwisho huondoka mapema kuliko unavyoambiwa, kwa sababu dereva naye anataka kufuturu kwake. Na kadhalika, mpaka kumi.

Binti yake, Bi Rafika, amenieleza hivi: "Mama alikuwa haamini hata kalenda. Kila Jumatatu anafunga meza, anapanda gari mpaka Jorf kuangalia kama pantoni ipo. Namwambia, Mama, pantoni itakwenda wapi? Ananijibu, nani kakwambia ipo? Umeiona mwenyewe?"

Nani kakwambia? Umeona mwenyewe? Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na hata mimi yamenipata. Siku moja nilitangaza kwamba barabara ya milimani imefunguliwa baada ya mafuriko. Sijamaliza vizuri, simu ikalia studioni.

"Bwana Hmida, barabara umeiona?"

"Nimeletewa taarifa, Bi Saluha."

"Na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi ina macho?"

Akakata. Barabara, wasikilizaji, ilikuwa bado imefungwa.

Sasa nifike kwenye mstari wa kumi na moja. Huu haukuwapo tangu mwanzo. Uliingia miaka kumi na tisa iliyopita, chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko mingine. Ulisema: "Gari likiondoka lina viti vitupu, usipande. Uliza kwa nini."

Nyinyi mnajua jinsi tunavyosafiri. Gari linachukua abiria wanane na haliondoki mpaka wanane watimie. Tunamsubiri wa nane kama tunavyosubiri mwezi wa Idi. Kwa hiyo likitokea gari linaloondoka na watatu au wanne, kila mtu analikimbilia. Tunasema leo tuna bahati. Hakuna anayeuliza.

Ila tuambiane ukweli. Mnajua kwa nini baadhi ya magari huondoka viti vya nyuma vikiwa vitupu. Mnajua kilichofunikwa blanketi pale nyuma. Ni madumu. Ni petroli ya magendo kutoka mpakani, inayokwenda mjini Gabes na mbele zaidi. Sitamnyooshea kidole dereva yeyote, maana nani kati yetu hajajaza petroli ya madumu? Hata gari lililonileta studio asubuhi hii lilijaza petroli hiyohiyo.

Basi fikirini mgeni amesoma mstari ule. Anasimama mlangoni mwa gari, askari yuko hatua chache, na anauliza kwa sauti: mbona viti vile havikaliwi? Madereva wawili walikamatwa mwaka mmoja. Hapo maneno yakaenea kituoni. Saluha anafanya kazi na watu wa forodha. Chai ni kisingizio tu. Jumatatu zile haendi Jorf, anakwenda kupeleka majina.

Na mimi, wasikilizaji wapendwa, niliyaamini. Miaka tisa iliyopita, kwenye kipindi cha asubuhi, nikatania. Nilisema hivi, nayakumbuka kama nilivyoyatamka: "Bi Saluha wa kituoni ana macho makali. Swali langu ni moja tu. Hayo macho ni ya nani?"

Fundi mitambo alicheka. Mimi nilicheka. Mji mzima ukacheka.

Siku iliyofuata birika lake lilichemka mpaka likakauka. Hakuna aliyekunywa chai. Meza yake ilikutwa imepinduliwa, na karatasi imechanwa. Akainua meza, akaandika karatasi nyingine, akaibandika palepale. Ikachanwa tena. Akaandika tena. Tangu siku ile hakunipigia simu hata mara moja. Nikasema moyoni, unaona, angekuwa hana hatia angenipigia.

Alipofariki nilikwenda matangani siku ya tatu. Nitasema ukweli, sikwenda kuomboleza. Nilikwenda kuchunguza. Niliketi nikala kuskusi, macho yakiwa kwenye kabati la vioo, ambako niliona sanduku la viatu lililofungwa kamba. Nikawaza, majina yamo humo. Bi Rafika akanifuma nimelikodolea macho.

"Bwana Hmida, umekuja kula au umekuja kupekua?"

Nikababaika. "Nimekuja kuwapa pole."

"Pole yako iko kwenye kabati?"

Wanawake waliokuwa wakigawa chakula wakageuka kunitazama. Nikatamani sakafu inimeze. Lakini hakunifukuza. Alikwenda kulichukua sanduku, akalitua mbele yangu, juu ya mkeka, akaniambia, "Fungua. Hukulala miaka tisa ukiwaza yaliyomo."

Ndani mlikuwa na karatasi. Karatasi zilezile za "Maelezo kwa Mgeni", matoleo yote ya miaka ishirini na miwili. Kila moja ina tarehe, na kila mstari una alama: nimeuona mwenyewe, tarehe fulani. Hapakuwa na majina ya madereva. Nilizifunua karatasi zote, na nilifunua kwa nia mbaya, kwa hiyo mniamini.

Kisha Bi Rafika akanipa moja iliyokunjwa peke yake. Ni ile ya kwanza yenye mstari wa kumi na moja. Akaniambia nigeuze nyuma. Nawasomea kama ilivyo:

"Mgeni aliniuliza, gari hili linaondoka sasa hivi na watu watatu, nipande au nisubiri lile lingine? Nilisikia harufu ya petroli. Nilimuuliza kaka yangu, akasema amebeba godoro. Niliona blanketi. Sikulifunua. Nikamwambia mgeni, panda, una bahati."

Gari lile liliungua njiani kabla ya kufika Gabes. Wazee mtalikumbuka. Tuliambiwa tairi lilipasuka, na sisi redioni tukatangaza tairi. Mimi ndiye niliyesoma habari ile. Nililetewa taarifa. Abiria wawili walirukia nje wakapona, na hawakusema neno. Dereva alikufa, na mgeni alikufa. Dereva alikuwa kaka yake Bi Saluha.

Nilimuuliza Bi Rafika kwa nini mama yake hakusema. Angesema tu, aseme mji mzima umsikie, na lile jina la mtu wa forodha lingemtoka siku hiyohiyo.

"Angesema nini?" akanijibu. "Kwamba mjomba alimchoma mtu? Mjomba ameacha mke na watoto. Mama alisema, mimi nimezoea kushukiwa, wale watoto hawajazoea."

"Naweza kulitangaza?"

"Ruhusa si yangu. Mwenye ruhusa ni Mongi."

Mongi ni mtoto mkubwa wa dereva yule. Alikuwa na miaka kumi na tisa baba yake alipokufa, leo ana thelathini na minane, naye ni dereva palepale kituoni. Hakuja makaburini. Na kama kuna aliyechana karatasi ile kuliko wote, ni yeye. Bi Rafika alimweleza yote usiku wa mazishi, na tangu hapo hakuna aliyesikia sauti yake.

Nilimkuta Jumamosi asubuhi anafuta kioo cha gari kilichokuwa safi tayari.

"Umekuja na kinasa sauti?"

"Ndiyo."

"Kizime."

Nikakizima. Akaendelea kufuta.

"Baba yangu alikufa kwa tairi," akasema.

"Mongi..."

"Nimesema tairi! Miaka kumi na tisa nasema tairi. Nikinunua tairi naikagua kama daktari, wenzangu wananicheka. Kumbe." Akakitupa kitambaa juu ya boneti. "Karatasi yake mimi ndiye nilikuwa naichana, unajua? Mbele yake. Naye ananitazama tu, anamimina chai. Ananiambia, kunywa kwanza, mwanangu, kuchana kunachosha."

"Ulikunywa?"

"Nilimwaga chini." Akakiokota kitambaa tena. "Shangazi angeniambia neno moja tu, Bwana Hmida. Neno moja."

"Ungemwamini?"

Alisimama pale, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, akalia bila kujificha, na abiria wake wanamwona. Kisha akapangusa uso kwa kitambaa kilekile cha kioo.

"Washa hicho chombo chako. Sema. Taja jina la baba yangu, mimi mwanawe nimekubali, na mama nimemuuliza. Ila la yule mgeni litangulie."

Basi ninalitanguliza. Aliitwa Halina. Alikuwa mwalimu kutoka Polandi, mwenye miaka thelathini na minne, na alikuwa anakwenda Gabes. Jina lake Bi Saluha aliliandika juu ya kila karatasi aliyoiweka kwenye lile sanduku, kila toleo, miaka kumi na tisa. Dereva aliitwa Nouri Zammuri. Haikuwa tairi. Nilitangaza tairi kwenye kipaza sauti hiki hiki, na leo nasahihisha kwenye hiki hiki. Haikuwa tairi.

Jumatatu hii nilipanda gari mpaka Jorf. Sijui nilitaka nini. Nilikwenda kuangalia pantoni. Pantoni ipo, lakini saa za asubuhi zimebadilika, na mstari wa nne sasa una kosa. Nilirudi kituoni na kalamu. Nikakuta karatasi iko ukutani, mpya, mwandiko siujui. Nikamtazama Mongi.

"Usinitazame mimi," akasema. "Sijaibandika. Sijaichana tu."

Bado namshuku kwamba ni yeye aliyeibandika. Gari lake lilikuwa na abiria saba, na msichana mmoja wa kigeni alikuwa ameinama dirishani akimwomba waondoke, amechelewa. Mongi akatikisa kichwa, akamwonyesha kidole kimoja. Bado mmoja. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma wazi kabisa, akainua mkeka wa sakafuni, aone mwenyewe kwamba chini hamna kitu.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Bi Rafika na jamaa wote wa Zammuri. Tunampa pole mjane wa Nouri, ambaye najua anatusikiliza. Na kwa mara ya kwanza kutoka mji huu, tunaipa pole familia ya Mwalimu Halina, popote walipo, kwa kuchelewa kwa miaka kumi na tisa. Bi Saluha, nilikuuliza hadharani macho yako ni ya nani. Yalikuwa yako. Nisamehe.

Ninyi mnaonisikiliza, kila mmoja akae na nafsi yake leo, akumbuke ni nani amemtilia shaka kwa sababu tu alifanya jambo jema bila kutumwa. Na akumbuke blanketi gani ameliona akapita. Haya yote mmeyasikia kwangu, na mnajua sasa mimi ni mtangazaji wa namna gani. Msiniamini. Nendeni kituoni, kando ya dirisha la tiketi, mkasome wenyewe.