Justina Mboje, Fundi Aliyepanda Dohani Akitetemeka

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Justina Mboje. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 katika kijiji cha Kaoze, mtoto wa nne wa mzee Mboje Masanja na mama Mariana, waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka Maswa.

Alimaliza shule ya msingi hapo hapo Kaoze mwaka 2001, kisha akaenda sekondari Sumbawanga mjini. Kila gari lilipoanza kupanda milima ya Lyamba, alijifunika kanga usoni na kumuuliza kaka yake Nyanda, anayesoma wasifu huu, "Tumeshafika juu?" Naye alimjibu, "Tumefika," hata kama kona mbaya zaidi zilikuwa bado mbele. Justina aliogopa kimo tangu utotoni, na hakuona aibu kulisema hilo. Mwaka 2009 alihitimu stashahada ya umeme huko Mbeya.

Tarehe 22 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Yonas, wakaanza maisha mtaa wa Majengo, hapa Sumbawanga. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 2016 aliajiriwa katika kiwanda cha chokaa nje kidogo ya mji, akapewa kazi ya kuchagua na kutunza mtambo wa kupima moshi wa tanuru. Ulikuwepo wa aina moja unaovuta moshi kwa mpira mpaka chumbani, fundi akaushughulikia akiwa chini. Lakini mpira huo lazima upashwe moto muda wote. Umeme wetu ukikatika, mpira unapoa, unajaa unyevu, na namba zinadanganya. Aina ya pili hufungwa juu kwenye dohani, lile bomba refu la kutolea moshi. Justina alichagua wa juu. Yonas alipomuuliza ni nani atakayepanda kuusafisha, alijibu, "Mimi. Ndiyo maana usingizi haunijii."

Asubuhi ya tarehe 19 Julai 2022 upepo ulikuwa mkali. Selemani, mwendesha tanuru, alimwambia, "Dada Justina, namba ziko vizuri tangu nimeingia."

"Ndizo zinazonitisha," alisema. "Hazipandi, hazishuki. Moshi gani unatulia hivyo?"

Nje, upepo ulikuwa umeulaza moshi kuelekea shule ya msingi iliyo bondeni. Justina alivaa mkanda wa usalama, akapanda. Katikati ya ngazi miguu ilimgomea. Selemani anasema alimwona amekumbatia chuma, akaogopa hata kumwita, asije akashtuka na kuachia. Kisha alimsikia akilia kwa sauti, na huku analia akaendelea kupanda. Kioo cha mtambo kilikuwa kimezibwa na vumbi la chokaa. Alipokifuta, namba ziliruka, king'ora kikalia, tanuru likazimwa.

Shuleni watoto walikuwa wameanza kukohoa na kutapika. Walikimbizwa hospitali, na kwa neema ya Mungu wote walipona. Jioni hiyo Justina hakuweza kushika kikombe cha chai, Yonas alimshikia. Mwezi uliofuata alipanda tena, na bado alitetemeka.

Novemba 2024 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumkatika. Madaktari walikuta moyo wake umetanuka. Alitibiwa Sumbawanga, baadaye Mbeya, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku moja, chumba kikiwa kimejaa ndugu, alisema, "Mama, naogopa kufa."

Tulianza kumkatiza, kila mmoja akimhimiza awe na imani. Mama Mariana alitunyamazisha. Alivua viatu, akapanda kitandani, akalala kando ya mwanaye.

"Hata mimi naogopa, mwanangu," alimwambia. "Tuogope wote."

Justina alishusha pumzi, akamwegemea. Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, mama yake akiwa amemshika.

Ameacha mume, Yonas; watoto, Luciana na Evaristi; baba na mama; kaka zake watatu, Nyanda akiwemo, na mdogo wake Scola. Luciana ameuliza nyumba itakuwaje sasa. Tunawaomba, matanga yakiisha, msiache kupita pale Majengo.

Justina, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.