Mashairi Aliyoondoka Nayo Dada Mizani

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, familia imenipa jukumu la kusoma maisha yake, nawaomba mnivumilie nikikwama.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akajifunza ushonaji, na tarehe 2 Februari 1980 akafungua chumba chake cha cherehani nyuma ya posta. Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 na fundi bomba, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Katika chumba hicho, kila Jumamosi saa tisa alasiri, walikutana washairi wa mtaa, muuza magazeti, mkunga na mwalimu wa hesabu, wakikalia marobota ya vitambaa, wakighani tungo za sabuni isiyotoa povu, mtaro ulioziba, mume anayekoroma, na walimwita Mizani kwa kuwa ubeti uliopungua silabi moja aliurudisha kama mteja anavyorudisha suruali iliyombana, na aliyerudishiwa kuliko wote alikuwa mwalimu wa hesabu. Sharti lake lilikuwa moja, karatasi hairuhusiwi, shairi likae kichwani, na yake yote, zaidi ya mia mbili, yalikaa huko.

Mei 2023 alianza kusahau vipimo vya wateja, akaogopa, akaniita mimi karani niyaandike mashairi yake. Nilisema Jumapili, ilipofika nikasema ijayo, na ngoja ngoja huumiza matumbo, tarehe 9 Septemba akapata kiharusi, akapoteza usemi. Miezi mitano nilikaa kando ya kitanda chake na daftari, naye akinigonga kiganjani kwa kidole, mara nane, akatua, mara nane tena, ubeti baada ya ubeti, shairi zima lisilo na neno, akinitazama aone kama ninaandika, nami, kwa aibu, nikachora vistari. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliotuchotea maji, na washairi wenzake, ambao walikaa siku nzima wakikumbushana tungo zake, wakapata mishororo kumi na mmoja tu.

Ndugu zangu, yeyote aliyewahi kushonewa nguo pale akasikia hata nusu ubeti, asiondoke kabla hajaniona, nitakuwa mlangoni, kalamu ninayo. Dada, nimechelewa, nisamehe, wewe pumzika kwa amani.